Fundi Aliyewapima Wabunge

Katika miaka ile ya sitini, mtu wa upande wetu akichaguliwa kwenda Bungeni, safari yake ilianzia mbele ya fundi. Kabla hajafika Nairobi, kabla hajaapa, alisimama kwanza barazani kwa Mhindi mmoja mjini Homa Bay, mikono imeinuliwa kidogo, huku mtu mfupi mwenye futi shingoni akimzunguka bila haraka.

"Usivute tumbo," fundi alikuwa akimwambia. "Visigino pamoja. Simama kama utakavyosimama kule."

"Kule nitasimama vizuri, Fundi."

"Basi anza hapa."

Sikumwita kwa jina hata mara moja, na sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi kwa wateja, Fundi kwa Mhindi mwenye duka, Fundi hata kwa mke wake anapokasirika. Mimi alinipa jina la Jabayo, ambalo kwa Kijaluo ni mtu wa kuzurura, na lilinifaa. Niliacha shule darasa la nne. Nilibeba magunia gatini, nikachambua pamba, nikanunua omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru na kuzipeleka kuuza Rodi Kopany siku ya soko. Kila nilipopita Homa Bay nilikaa kwenye benchi la Fundi, kwa kuwa hapo mtu aliweza kujua mambo ya serikali bila kujua Kiingereza.

Ukutani nyuma ya cherehani kulikuwa na misumari, na kila msumari ulining'iniza karatasi ngumu za vipimo zilizokatwa kwa umbo la mgongo, kifua na mikono. Za watu wa kawaida zilikuwa upande wa kushoto. Upande wa kulia zilikaa za wale waliotuwakilisha. Hazikuandikwa majina. Fundi alizijua kwa kuzitazama tu, kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake.

"Huyu ndiye wa Legiko, baraza la sheria," alizoea kusema, akigusa karatasi iliyobadilika rangi kama chai. "Wakati wa Mwingereza. Ulikuwa na kura ukiwa na elimu, au mali, au cheo. Mwalimu mmoja hapa alikuwa na kura tatu peke yake."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa na cherehani. Haikuhesabiwa."

Kisha aligusa karatasi zilizofuata, moja baada ya nyingine: aliyeingia karibu na Uhuru, aliyeingia wakati wa Uhuru, aliyehama chama akarudi kuomba kura upya. Hivyo ndivyo nilivyojifunza historia ya viti vyetu, kwa mabega na viuno. Alijua nani alinenepa Nairobi na nani alikonda. Mmoja alirudi baada ya mwaka, kiuno kimeongezeka inchi tatu, na mbele ya watu Fundi akampima mara mbili kana kwamba haamini.

"Mheshimiwa," akamwambia, "barabara ya Rodi bado ni nyembamba. Wewe ndiye umepanuliwa."

Mheshimiwa alicheka kuliko watu wote. Mtu aliyeshikwa kiuno hawezi kukasirika vizuri.

Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likianza kushuka upande wa ziwa, alifunika cherehani kwa gunia, na hapakuwa na mtu wa kulifunua hadi Jumamosi jioni. Mwaka mmoja, mbunge mpya alileta kitambaa Jumatano akitaka kuondoka na meli Jumamosi. Fundi alishona Alhamisi mchana kutwa, akashona Ijumaa, na jua lilipofika pale linapofika akaweka sindano chini. Mikono ya koti ilikuwa imeshikizwa tu kwa nyuzi nyeupe, na alama za chaki zilikuwa bado mgongoni.

"Fundi, ni mikono tu," mbunge alimsihi. "Dakika kumi."

"Mungu alipumzika na kazi yake ilikuwa kubwa kuliko mikono yako."

"Basi nitavaa nini?"

"Vaa hivyo hivyo. Usiinue mkono juu."

Akaenda hivyo. Watu walisema kwamba wiki ya kwanza Bungeni alikaa kimya, na wapinzani wake wakaeneza habari kwamba ameogopa Kiingereza. Sisi wa benchi tulijua. Aliogopa kwamba akiinua mkono kuomba nafasi ya kusema, mkono wa koti utang'oka.

Lakini Msabato huyohuyo, siku ya Sabato baada ya ibada, alipita kwa jirani mwenye redio na kusimama nje ya dirisha. Hakuingia. Alisema kuingia ni kufuata mambo ya dunia, bali kusimama njiani ni kusimama njiani. Wakisoma habari za Bunge aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza cherehani yenye tatizo. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema anangoja kusikia swali fulani. Sikujua wakati ule kwamba lilikuwa swali lake.

Alikuwa na namna yake ya kueleza mambo makubwa. Tulipokuwa bado na mabunge mawili, la Wawakilishi na la Seneti, wazee wa benchi walibishana Seneti ni ya nini. Fundi aligeuza koti ndani nje na kuonyesha kitambaa laini cha ndani.

"Hii ni bitana. Mtu barabarani haioni. Lakini koti bila bitana linakwaruza, na halikai mwilini."

Mabunge yalipounganishwa kuwa moja, na viti vikaongezwa ili wale wa Seneti wapate pa kukaa, mzee mmoja akamwuliza, "Sasa, Fundi, wamefanya nini?"

"Wameitoa bitana," akasema, "wakaishona juu."

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliwavisha watu wakubwa, na shati lake mwenyewe lilikosa vifungo viwili tangu nimjue. Hakwenda kwenye mkutano wa siasa hata mmoja; alisema pale watu huvuta tumbo. Alimsisitizia kila mtu aje kwa wakati, na yeye hakuwahi kumaliza nguo siku aliyoahidi. Na hakutupa kitambaa. Kila koti la mbunge lilipokwisha, alikusanya vipande vilivyobaki, akavifunga kwa uzi na kuvitia kwenye sanduku la bati chini ya meza. Mke wake alipokuja mjini alilipiga teke sanduku hilo.

"Nyumba inavuja, na huyu anaweka akiba ya matambaa!"

"Haya si matambaa, mama. Ni Bunge."

"Basi liambie Bunge lizibe paa."

Jambo ambalo sikulitarajia kabisa juu yake nilikuwa nimeliona kwa macho kabla sijamfahamu, ila sikujua ninachokiona. Nyumbani kwake hapakuwa Homa Bay. Palikuwa mbali kusini, upande wa Muhuru, kwenye soko dogo ng'ambo ya mto Kuja, na huko ndiko alikoandikishwa kupiga kura, kwa sababu alitaka kura yake ihesabiwe kwao. Kituo kilikuwa shule ya misheni, na shule ilikuwa upande wa pili wa mto.

Mwezi wa tano, mwaka wa sitini na tatu, siku ya kura, nilikuwa ukingoni pale na vikapu vyangu vya omena. Mto ulikuwa umefura, rangi ya udongo, unabeba migomba mizima. Kwao hapakuwa na mvua hata tone. Ilikuwa mvua ya Kisii iliyoteremka. Mwenye mtumbwi alikuwa ameufunga kwenye mti na yeye mwenyewe amekaa juu ya kasia ili mtu asije akamshawishi.

Watu labda mia walisimama ukingoni na kadi zao mkononi. Upande wa pili tuliona shule, tukaona foleni, tukaona bendera. Baadhi ya waliokuwa kwenye foleni walitupungia mkono.

"Wanatucheka," akasema mama mmoja.

"Wanatusalimia," akasema mtu mfupi aliyevaa shati safi lisilo na vifungo viwili. Alikuwa ametandika gazeti juu ya jiwe na kuketi juu yake, kadi ya kura imelazwa juu ya goti. Wengine waliondoka mchana. Yeye hakuondoka. Sanduku lilipofungwa kule na watu wakatawanyika, alisimama, akakunja gazeti, akafuta kadi kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, akaenda.

Wiki mbili baadaye, nilipoketi kwenye benchi la Homa Bay kwa mara ya kwanza, nilimkuta mtu yuleyule akimpima mbunge aliyeshinda. Nilingoja mteja aondoke.

"Wewe si yule wa mtoni? Unawezaje kumpima mtu ambaye hukumchagua?"

Alinitazama vizuri, sindano mdomoni. Akazitoa.

"Mimi nampima aliyechaguliwa. Aliyenizuia ni mto, si yeye."

Mwaka wa sitini na sita, wabunge kadhaa walipohama chama na kura zikapigwa upya, alifunga cherehani siku tatu kabla, akapanda basi hadi Migori na kutembea kutoka pale. Alinisimulia mwenyewe. Alifika, akakuta maji yamefika kwenye mizizi ya ule mti wa kufungia mtumbwi. Akakaa juu ya jiwe lilelile.

Kwa hiyo mtu aliyewashonea wote makoti, aliyewajua hadi tofauti ya bega la kulia na la kushoto, hakuwa amepiga kura hata moja maishani. Kwanza alizuiwa na sheria ya Mwingereza, kisha na mvua ya Kisii. Alikuwa na mvi tayari. Siku aliyoniambia hivyo hakulalamika. Alisema tu, akitia uzi kwenye sindano, "Jabayo, sitaki kitu kikubwa. Nataka siku moja niweke karatasi ndani ya sanduku, niisikie ikianguka."

Nikamwambia amwandikie mbunge barua. Akacheka bila sauti.

"Wewe hujapanda meli nao?"

Nilikuwa nimepanda. Nilijua anachosema. Watu waliwasindikiza wabunge hadi gatini, wakawatia barua mifukoni, mkononi, hata ndani ya kofia. Meli ikishafika katikati ya ziwa, nilimwona kwa macho yangu mheshimiwa mmoja akinunua njugu na kumpa muuzaji barua mbili azifanye pakiti.

"Barua ya mfukoni hutolewa," Fundi akasema. "Mimi yangu naiweka mahali isipotolewa."

Hapo ndipo aliponionyesha. Alikuwa akimalizia koti jeusi. Upande wa kushoto, kati ya kitambaa na bitana, mahali ambapo moyo hupiga, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili cha herufi kubwa: SISI WA NG'AMBO YA KUJA, MTO UKIJAA, TUTAPIGAJE KURA? Alipitisha sindano pembe nne za karatasi, akafunga bitana juu yake. Kisha akaliinua koti, akalisugua kidogo. Lilitoa mchakacho mwembamba, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu.

"Kila akikaa atasikia. Kila akisimama atasikia. Siku moja atajiuliza, ni nini hiki kinachoniita? Atafungua, atasoma, atauliza."

Tangu mwaka ule wa sitini na tatu alikuwa amefanya hivyo kwa kila koti. Swali la Fundi lilikuwa Bungeni miaka yote ile, limekaa viti vya mbele na vya nyuma, limeapa, limesinzia mchana. Na yeye alisimama nje ya dirisha la redio akingoja lisikike.

Jibu lilikuja mwaka wa sitini na saba, muda mfupi baada ya mabunge mawili kuwa moja. Mbunge wa upande wa kwao, yuleyule niliyemkuta akipimwa miaka minne nyuma, aliingia barazani akitoka jasho, koti mkononi.

"Fundi wangu, linanibana. Tumekuwa wengi ndani ya nyumba moja, na mimi mwenyewe nimekuwa wengi."

"Leta nilifungue."

Nilikuwa kwenye benchi. Nilimwona Fundi akikaa, akilaza koti magotini, akakata uzi wa bitana taratibu. Alipofika upande wa kushoto mkono ulisita. Karatasi ilikuwa pale pale, imegeuka njano kwa jasho, pembe zote nne zimeshikwa.

Mbunge aliinama. "Hiyo ni nini?"

"Wewe ulikuwa ukiisikia?"

"Kila siku! Ikichakacha, ikichakacha. Nikiinuka, nikikaa. Mwenzangu mmoja aliniuliza, nikamwambia ni kile kitambaa kigumu cha kifuani ambacho mafundi wazuri hutia. Nilijivuna nacho, Fundi. Niliwaambia wa Nairobi hawajui kukitia."

Watu wa benchi tulitazama chini. Fundi hakucheka. Aliitoa karatasi, akampa. Mbunge akaisoma, midomo ikicheza. Akaisoma tena.

"Kwa nini hukunipa mkononi?"

"Mkononi umepewa nyingi."

Mbunge aliigeuza karatasi mbele na nyuma. Gatini watu walikuwa wakishusha mahindi, na kelele zao zilitufikia vizuri.

"Miaka minne," akasema hatimaye. "Imekaa hapa miaka minne, na mimi nikijisifu."

"Kosa ni langu," Fundi akasema. "Nilishona vizuri mno."

Alipanua koti inchi mbili kila upande. Alipolirudisha halikuchakacha tena, na karatasi ilikuwa mkononi mwa mbunge. Aliitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Nilitaka kujua kama atauliza, na kwa miezi kadhaa kila nilipopita nilimwuliza Fundi kama redio imesema kitu. Haikusema. Pengine aliuliza siku ambayo redio haikusoma. Pengine alimwambia bwana mkubwa wa wilaya juu ya kikombe cha chai. Pengine hakusema, na mambo yaliyofuata yalitokana na mtu mwingine kabisa. Nimeuliza watu wengi tangu wakati ule, na hakuna anayejua.

Mambo yalibadilika pale Homa Bay. Leseni za biashara zilipokuwa ngumu kwa Wahindi, mwenye duka alifunga virago, akamwachia Fundi meza. Fundi akapakia cherehani, sanduku la bati na karatasi zake za vipimo kwenye lori, akarudi kwao ng'ambo ya Kuja. Nami nikaenda huku na huku, nikafanya kazi za mkono Tarime, nikarudi Muhuru. Sikumwona karibu miaka miwili.

Nilimwona mara nyingine mwezi wa kumi na mbili mwaka wa sitini na tisa. Nilikuwa nikipita sokoni kwao na omena, nikakuta foleni. Askari wawili, karani kijana wa miwani, na sanduku la kura juu ya meza ambayo niliitambua mara moja: ilikuwa na alama za pasi ya makaa, na pembeni imechorwa inchi. Kituo kilikuwa kimeletwa kwao. Kilikuwa ndani ya kibanda cha Fundi.

Mke wake alinikaribisha kwa kicheko. "Jabayo! Umeona maajabu? Mwaka sanduku lilipokuja, mto umekauka. Ng'ombe wanavuka bila kulowa matumbo."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimetoka kuuvuka nimeshika viatu, maji yakiishia magotini. Siku hiyo Fundi angeweza kutembea hadi shule ya misheni na kurudi kabla chai haijapoa.

Karani alikuwa na tatizo. Alipewa sanduku, wino na karatasi, lakini hakupewa kitu cha kumficha mpiga kura. Fundi alikuwa ametatua asubuhi: alitundika lile pazia ambalo wateja hubadilishia suruali nyuma yake, pazia la maua lisilofika chini. Watu waliingia mmoja mmoja nyuma yake, wakatoka wakicheka kwa haya, kama waliojaribu nguo.

Yeye mwenyewe hakutangulia, ingawa kibanda ni chake. Alikaa kwenye foleni nyuma ya wanawake wa samaki. Alikuwa amevaa koti. Katika miaka yote ile sikuwa nimemwona na koti. Mkono mmoja ulikuwa wa kijivu, mwingine wa buluu, mgongo mweusi, kola yenye mistari. Niliyatambua makoti karibu yote. Alikuwa amelifungua lile sanduku la bati.

"Bunge zima," nikamwambia.

"Halikutosha kwapa la kushoto," akajibu. "Nikaongeza kitambaa changu."

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama atampa kura yule mbunge aliyeichukua karatasi, maana jina lake lilikuwa miongoni mwa walioomba kiti. Alinitazama kama siku ile ya kwanza, sindano mdomoni, ila leo hapakuwa na sindano.

"Jabayo, kipimo cha mtu hakitangazwi barazani."

Zamu yake ikafika. Karani akasoma kadi, akageuza kurasa, akalipata jina. Fundi akapokea karatasi kwa mikono miwili, akaingia nyuma ya pazia.

Tukangoja. Mwanamke aliyemfuata akahamisha beseni kichwani. Askari mmoja akapiga miayo. Karani akaangalia saa, akatutazama, akaangalia tena.

"Mzee," akaita, "umelala humo?"

"Kijana," sauti ikajibu kutoka nyuma ya maua, bila haraka, "nimengoja tangu hujazaliwa. Ngoja kidogo na wewe."

Watu walicheka, hata askari. Mimi nilikuwa nimeinama kuinua kikapu, na kutoka pale chini niliona mahali pazia lilipoishia. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi. Visigino vilikuwa pamoja.